Fundi Aliyeandika Nyuma ya Kigae

Kabla hajakusalimia, alikuwa anatazama miguu yako. Uso aliuacha, na mkono uliomnyooshea aliuacha uning'inie. Akikuta umevaa viatu alishusha pumzi kama aliyeletewa habari ya msiba, akangoja uvivue, hata kama mmekutana barabarani. Mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye cheo changu kidogo cha ofisini, niliwahi kujikuta nainama kushika kamba za viatu mbele ya soko kwa sababu tu alikuwa ananitazama vile. Alicheka mpaka akakohoa.

Tulimwita Fundi, basi. Mafundi wa mji wetu wa Gisenyi ni wengi, lakini hapa mtaani Nengo ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule mzee wa Kanama anayepasha sakafu moto. Jina lake nadhani hata mama yangu hakulijua, na mama yangu anajua majina ya mbuzi wa majirani.

Kazi yenyewe nieleze, maana wengi wakiisikia hudhani nawatania. Unatandika mbao za povu gumu juu ya saruji ili joto lisizame ardhini. Juu yake unatandaza mkeka wa waya mwembamba unaokwenda na kurudi kwenye wavu wake, chumba kizima, isipokuwa mahali pa kabati na kitanda. Juu ya waya inakuja gundi, juu ya gundi vigae, ambavyo sisi tuliotoka Kongo tunaita makaro. Ukutani kinabaki kidude kidogo cha kuzungusha. Ukikizungusha, umeme unapita kwenye waya, na baada ya muda unakanyaga kigae unakuta kina joto la mwili wa mtu. Fundi alijifunza kazi hii Goma, kwa mteja aliyeleta mzigo kutoka Ulaya na karatasi ya maelezo ambayo hakuna mtu aliyeweza kuisoma. Alifuata michoro. Alipenda kusema kwamba ndiyo sababu hakukosea.

Kwetu ilifika kwa sababu ya kaka yangu. Kaka yuko Kanada. Mama alipoanza kulalamika kwamba ubaridi wa ziwa unampanda kwenye magoti kila asubuhi, kaka, badala ya kuja mwenyewe, alituma mkeka wa waya. Mama aliufungua, akautazama upande huu na upande ule, akauliza kama ni wa kuvulia sambaza, wale dagaa wa ziwa letu.

Sheria za Fundi zilikuwa chache na hazikuwa na rufaa. Ya kwanza, waya unapimwa mara tatu kwa kipimo chake cha umeme: ukiwa bado umekunjwa, ukishatandazwa, na ukishafunikwa. Kipimo hicho alikibeba ndani ya kifuko cha Biblia chenye zipu. Biblia yenyewe sikuwahi kuiona, ingawa aliimba kwaya kila Jumapili kwa sauti nzito iliyowashinda wenzake. Ya pili, hakuna kuwasha mpaka gundi ikauke kabisa, hata mwenye nyumba akilia. Ya tatu ndiyo aliyoitangaza hata kwa watu wasiohusika, kwa muuza maandazi, kwa polisi wa barabarani.

"Waya yenye kovu haiingiake chini ya karo yangu," alisema. "Ikikatwa, natupa yote. Kuunga waya chini ya karo ni kuficha nyoka kitandani."

Na kweli alitupa. Kuna nyumba huku juu ambapo mwashi alidondosha mwiko, ukaugusa waya, ukakwaruza pahali padogo kuliko ukucha. Fundi alikunja mkeka wote mpya, akautoa nje, akaukata vipande mbele ya mwenye nyumba ili mtu asije akashawishika kuutumia. Mwenye nyumba alitaka kumpiga. Mwezi mmoja baadaye mkeka mwingine ulifika na Fundi akaitwa tena, kwa sababu mtu mwingine wa kazi hiyo hakuwepo kuanzia hapa mpaka sijui wapi.

Sheria ya pili ilimkutanisha na mwanajeshi mmoja mstaafu, mtu aliyerudi kutoka Uganda na aliyezoea kutii saa yake tu. Vigae vilikuwa na siku nne. Mstaafu alisimama mlangoni akasema, "Fundi, nataka iwake leo, now now." Fundi akajibu, "Ndiyo, mukubwa," kwa heshima zote, akaenda ukutani kama anayewasha, akang'oa kile kidude, akakitia mfukoni, akapanda pikipiki kwenda zake Kanama. Alikaa huko wiki tatu akipalilia maharage. Simu haikupokelewa. Aliporudi, alikiweka mahali pake, akazungusha, akamwambia mstaafu, "Unaona vile iko inawaka? Nilikuambia ndiyo."

Uongo wake wote ulikuwa wa namna hiyo. Ukiufuata mpaka mwisho unakuta hakusema neno lisilo kweli, na wewe ndiye mwenye kosa.

Nyumbani kwake nilifika mara moja, kumpelekea salamu za mama. Kanama ina baridi ya kweli, ukungu unalala juu ya viazi mpaka jua lipande. Nilivua viatu mlangoni, kwa mazoea, nikakanyaga saruji tupu iliyonipa maumivu ya meno. Mtu aliyepasha sakafu za nusu ya matajiri wa mji alikuwa anaishi juu ya barafu! Nilimuuliza kwa nini.

"Mi niko na bibi," alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Akinikasirikia, nyumba yote inapata moto."

Mkewe alimrushia kitambaa cha jikoni. Kilimpata usoni, naye akakikunja vizuri na kukiweka gotini kama zawadi.

Sasa nifike kwenye jambo lililowasumbua watu. Katika kila sakafu kulikuwa na kigae kimoja ambacho Fundi alikiweka cha mwisho, na kabla ya kukiweka alifukuza watu wote chumbani. Alikigeuza, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya seremala, akabandika skochi pana, ile tepu ya plastiki inayong'aa, juu ya maandishi ili gundi isiyale, halafu akakilaza mahali pake. Hakuna aliyewahi kusoma. Mchungaji wetu alidhani ni hirizi na akaomba aonyeshwe. Mstaafu alidhani ni matusi, na hapo sina uhakika kwamba alikosea.

Mimi nilimuuliza waziwazi. "Unamwandikia nani, Fundi?"

"Mutu mwenye atafungua."

"Si unasema sakafu yako haitafunguliwa kamwe?"

"Haifunguliwe, mademoiselle." Aliniita hivyo hata nilipovuka miaka arobaini. "Lakini ni adabu. Mutu akifika mahali, akute salamu."

Chumba cha mama alikifanya kwa siku tatu. Siku ya pili ndiyo ninayoikumbuka, ingawa wakati ule sikujua kwa nini naikumbuka. Niliwaacha asubuhi wakigombana. Lazima mjue kwamba mama alijenga nyumba hii kwa vitenge alivyovusha mpakani miaka na miaka, na katika kuijenga alipambana na mafundi wa kila aina, akatoka na imani moja, kwamba fundi asiyesimamiwa ni mwizi. Kwa hiyo aliingia na kutoka chumbani akikagua, na fimbo yake yenye ncha ya chuma mkononi.

"Maman, mi nakuomba," Fundi alikuwa anasema. "Waya imetandikwa. Iko kama mutoto ya siku moja. Usiingiake na ile mukuki yako."

"Nyumba ni ya nani?" mama aliuliza. Nikaondoka kwenda kazini.

Jioni niliporudi niliwakuta wamekaa sebuleni, wanatazamana na chai iliyopoa. Walifanana na wanafunzi wawili waliovunja dirisha la shule. Niliuliza kama kuna tatizo. Mama alisema hakuna. Fundi alisema, "Kazi iko inaendelea muzuri." Kesho yake alifukuza watu, akaandika kigae chake, akamaliza. Na tangu siku hiyo mama yangu, adui wa mafundi wote, hakuruhusu mtu amseme vibaya yule mzee. Kila sambaza walipojaa ziwani alimkaangia mfuko mzima na kuupeleka Kanama kwa gari la abiria. Nilishangaa, nikajiambia ni uzee, moyo unalainika. Nilijivunia hata, kana kwamba mimi ndiye niliyeulainisha.

Sakafu ilifanya kazi. Nisisitize hapo, kwa sababu ilifanya kazi kuliko tulivyoomba. Mama alianza kuamka kabla yangu, akavua soksi, akatembea peku kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi, mara kumi, mara kumi na tano, akiongea na ziwa. Fimbo ilibaki mlangoni. Daktari alikuwa amesema magoti yale yakiacha kutembea hayatarudi, na mimi kila nilipozisikia nyayo zake juu ya vigae nilikuwa napumua.

Ilifanya kazi hata ikatuletea aibu. Rafiki wa mama alikuja kututembelea kutoka Goma, mwanamke aliyekimbia lava mara mbili maishani mwake. Hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alfajiri aliteremka kitandani kwa mama, akaweka unyayo chini, akakuta ardhi ni ya moto. Sikumlaumu mtu hapo. Ukiishi chini ya ule mlima wa volkano wa Goma, ardhi ikipata joto huulizi maswali.

"Volkano! Iko chini ya nyumba! Mukimbie!"

Alitoka na sanduku lake, na kwa sababu ambazo hakuweza kueleza baadaye, na sufuria yetu ya maharage. Majirani walipomwona akikimbia kupanda barabara, hawakusubiri kuelezwa. Wakatoka na watoto, magodoro, mbuzi mmoja. Mama naye alikuwa dirishani, miguu imemtulia, akawauliza wanakwenda wapi.

Fundi aliitwa kuja kutuliza watu. Alifurahi kupita kiasi. Aliwapanga mstari mbele ya nyumba, akawavua viatu mmoja mmoja, akawaingiza chumbani kwa mama, akawasimamisha juu ya kigae, akazungusha kidude ukutani kushoto na kulia kama anayeendesha gari. "Sikia. Ni mimi. Haiko mulima, ni mimi." Mwanamke wa Goma aliingia wa mwisho, akasimama pale muda mrefu, akasema kwamba Mungu amsamehe, lakini ni kuzuri. Sufuria aliirudisha tupu.

Nengo nzima ilikuwa imekanyaga kazi yake. Alilisema hilo miaka yote iliyofuata, kwenye harusi na kwenye misiba.

Halafu mwaka jana, mwanzoni mwa mvua, sakafu ilikufa.

Ilikuwa vuguvugu jioni na baridi asubuhi, bila dalili. Nilizungusha kidude, hakuna. Kwenye sanduku la umeme swichi ilikuwa imejizima, na kila nilipoipandisha iliruka chini tena. Nilisema nampigia Fundi. Mama akasema hapana.

"Amezeeka. Umwache."

"Mama, miguu yako."

"Miguu yangu haina neno."

Ilikuwa na neno. Siku ya kwanza alitembea na soksi. Wiki ya pili alitembea na fimbo. Baadaye alikaa kitandani mpaka saa nne, halafu mpaka mchana, akisema ana usingizi tu. Nilimnunulia zulia, akasema linamkwaza. Nilimletea hita ya kusimama, akasema inamkausha koo. Nikitaja Fundi, aligeukia ukuta. Niliogopa sana, niseme kweli. Nilidhani anaaga dunia. Nilidhani hajali tena kama atasimama au hatasimama, na anaona haya kunisumbua. Asubuhi moja nilisikiliza nyayo zake kutoka jikoni, nikangoja mpaka chai ikachemka na kumwagika, hazikuja. Nikampigia Fundi bila ruhusa.

Alikuja kwa pikipiki, peke yake, kifuko cha Biblia kifuani. Nilikuwa sijamwona muda mrefu. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na alipovua viatu ilimchukua muda. Alinitazama miguu. Sikuwa na viatu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mama alipomwona mlangoni alivuta blanketi mpaka kidevuni. "Nani amekuita?"

"Habari ya siku mingi, maman."

"Sakafu yangu haifunguliwi."

"Njo vile nilisema mi pia," alijibu, kwa huzuni kidogo.

Alipima. Aliunganisha kipimo chake kwenye ncha za waya ukutani, akasoma, akasoma tena. Nikajua sasa ndiyo kazi itaanza. Nilikuwa nimesikia kwamba kutafuta waya ulipokatika chini ya vigae ni kazi ya siku nzima, na unaweza kuvunja chumba chote usiupate. Nilimwonea huruma yeye pia. Alikuwa ameutangazia mji mzima kwamba sakafu yake haifunguliwi, na sasa angeifungua ya kwetu kwa mikono ile.

Lakini hakutafuta. Alisimama dirishani, akahesabu vigae kwa kidole gumba cha mguu, vitatu kutoka ukutani, viwili kuja kitandani, akasimama.

"Hapa. Mademoiselle, leta nyundo yangu na tindo, iko kwenye pikipiki. Mukono yangu inakataa. Utapiga wewe."

"Umejuaje ni hapo?"

"Piga."

"Usipige!" mama alisema kutoka kitandani. Sauti ilikuwa na nguvu ambayo sikuisikia kwa miezi. "Fundi! Uliniapia!"

"Piga pole pole, pembeni, usiguse katikati," aliniambia, kana kwamba mama hakusema kitu.

Nilipiga. Kigae kilitoa mlio wa sahani, kikapasuka vipande viwili. Nilivibandua kimoja kimoja jinsi alivyonielekeza, navyo vikatoka na gundi yao, isipokuwa mahali pamoja palipong'aa. Skochi. Sakafuni, kwenye gundi iliyobaki, niliuona waya, na kwenye waya niliona uvimbe mdogo mweusi, uliofungwa vizuri na kuzungushiwa tepu mara nyingi.

Kovu.

Nilimtazama Fundi. Mtu aliyekata mkeka mzima vipande kwa sababu ya mkwaruzo mdogo kuliko ukucha. Alikuwa anatazama dari, kama mtu anayekagua kama linavuja.

Nilivuta skochi, nikaviunganisha vipande viwili vya kigae, nikasoma kwa sauti, maana nilikuwa bado sijaelewa:

*Hapa fimbo ya maman iliingia. Mi sikuambia mutu.*

Hapo nilikumbuka chai iliyopoa, na nikakumbuka sambaza wa miaka yote, mfuko baada ya mfuko.

Nyuma yangu blanketi lilidondoka. Mama yangu, aliyekuwa hawezi kufika mlangoni bila kushikwa, alishuka kitandani na kuvuka chumba peku, juu ya vigae baridi kama mawe ya mtoni, bila fimbo, bila ukuta, mikono mbele, akija kunyang'anya ushahidi. Alivuta vile vipande mikononi mwangu. Alisoma. Midomo ilikuwa inamcheza kwa hasira.

"Uliapa," alimwambia Fundi. "Ulishika mkono wangu. Ulisema hutasema mpaka kufa."

"Sijasema, maman," alisema yule mzee. "Niliandika tu."

Mama alivitazama tena vile vipande. Kisha akaanza kucheka, kwanza kama anayekohoa, baadaye kwa mwili mzima, mpaka akashika bega la Fundi asianguke, na Fundi akashika ukuta, na mimi nikakaa chini na nyundo mkononi nikilia, kwa sababu alikuwa amesimama. Nilijua sasa kwamba hakuwa anaaga dunia. Alikuwa anaona haya. Aliona ni heri magoti yagande kuliko mimi nijue kwamba fundi aliyesimamiwa ndiye aliyekuwa sahihi, na msimamizi ndiye aliyeharibu.

"Ningetupa ile mukeka," Fundi aliniambia baadaye, akiwa amepiga magoti, akinielekeza kuunga upya, kwa maana macho yake nayo yalikuwa yanakataa. "Lakini alikuwa analia. Mutu mukubwa vile. Analia kwa sababu mutoto yake ametuma waya kutoka mbali, na yeye ameichoma na fimbo. Nifanye nini? Bon. Niliunga." Alikata kipande cha tepu kwa meno. "Haikunipa usingizi. Kila mvua ikianza, nawaza, leo."

Nikaelewa pia kwamba wale sambaza wa mama alikuwa anawala kwa shida.

Kulikuwa na kigae kimoja cha akiba stoo. Tulipofika kukilaza, Fundi alitoa kalamu yake na kutufukuza kama zamani. Nilitoka. Mama hakutoka. Alimnyooshea mkono wazi, akangoja, naye baada ya kufikiri kidogo akampa kalamu na kugeuka dirishani kutazama ziwa. Mimi nilifungiwa mlango.

Wiki tatu hakuna aliyeruhusiwa kuwasha. Kile kidude Fundi alikwenda nacho Kanama, mfukoni, maana hatuaminiki.

Sasa kuna joto tena. Mama anatembea asubuhi, kitandani mpaka dirishani na kurudi, nami namsikiliza kutoka jikoni. Nyayo zikifika kigae cha tatu kutoka ukutani zinasimama kidogo, na anacheka peke yake. Nimemuuliza mara nyingi aliandika nini. Anasema amewekewa kiapo. Juzi nilimpigia Fundi, nikamuuliza yeye. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaniuliza nyundo yake iko wapi, na kama ningeweza kuirudisha kabla ya Jumapili.